Neno Nusu: Mbalizi, Hispania na Kurudi Iringa

Walimu wenzangu wa Mbalizi, nimechoka kuisimulia safari hii vipande vipande mlangoni mwa ofisi, huyu akitaka habari za chakula, yule habari za baridi, na mwalimu wa Hisabati akitaka kujua kama ni kweli huko watoto humwita mwalimu jina lake kavukavu. Ndiyo, humwita. Sasa kaeni, nasimulia mara moja tu. Habari za viza na makaratasi naziruka, maana zilinichosha hata mimi niliyekuwa ndani yake.

Kwa aliyehamia juzi na hanijui: naitwa Rukia, nafundisha Jiografia. Kuna chuo Iringa kinachofundisha waongoza watalii, na siku hizi mbuga ya Ruaha inapata wageni wengi wanaozungumza Kihispania, ambao huonyeshwa tembo kwa kidole na kutabasamiwa. Chuo kikaona aibu. Kikanitafutia muhula mmoja Hispania nijifunze lugha na kukaa nyuma ya madarasa yao nione wanavyofundisha. Nikirudi nikiweza, darasa la Kihispania ni langu na Iringa nahamia. Nisipoweza, narudi kwenye mito na maziwa makuu kama mlivyonizoea.

Kurudi kwenye mito si aibu. Shida ni mama. Mama yangu anauza mchele sokoni hapa Mbalizi, mnamjua, na alishatangaza kibanda hadi kibanda kwamba mwanawe anakwenda Ulaya kukileta Kihispania, kama vile kimefungwa kwenye gunia kinasubiri mchukuzi.

Mbalizi hadi Chimala

Mama alinisindikiza stendi na mfuko wa mchele.

"Mama, Hispania wana mchele."

"Wana mchele. Wana wa Chimala?"

Nikaupakia. Basi likaondoka vizuri, likapita Uyole vizuri, na likachemsha Chimala, mbele kabisa ya maduka ya mchele, nami nimepakata mfuko wangu kama mtu aliyekwenda kisimani na ndoo iliyojaa. Kondakta alisema ni dakika kumi. Abiria wenye uzoefu walishuka wakaagiza wali na nyama, wakala, wakanawa, wakaagiza chai.

Tuliobaki ndani tulipata muuza dawa. Alipanda na begi lake, koti la suti, suruali ya mpira.

"Ndugu abiria, habari za safa..."

"Riii," tukaitikia.

"Wengi wetu hapa tunakula, lakini choo hatupa..."

"Tiii."

"Na usipopata choo, tumbo linaja..."

"Aaa."

Mama wa Kinyakyusa aliyekaa nami, mwenye mkungu wa ndizi miguuni, alikuwa amesinzia, na bado aliitikia kila neno bila kufungua macho. Nami niliitikia, mtu mzima mwenye shahada. Dawa sikununua. Lakini mkumbukeni huyo bwana, atarudi.

Basi lilipona jua likiwa limeelemea upande wa pili. Makambako tukapita, Mafinga tukapita na baridi yake, Iringa nikashuka miguu imevimba.

Iringa

Mkuu wa chuo anaitwa Mama Sanga. Ni mfupi, Mlutheri wa kweli, mwenye miwani ya kuning'inia ambayo huivaa akitaka kusoma na huivua akitaka kukutisha.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Umekula?"

Nikasema nimekula, akaagiza niletewe chakula. Nilipokuwa napambana na ugali akavua miwani.

"Tulishapeleka mtu nje huko nyuma. Alirudi na koti zuri sana. Mpaka leo analivaa. Kwa hiyo wewe sitakuuliza cheti. Huyo mwalimu utakayekaa naye kule atanipigia simu aniambie kama unaweza. Halafu ukirudi, siku yako ya kwanza darasani mimi nakaa nyuma. Nitajua mwenyewe."

"Sawa, mama."

"Ongeza mboga."

Usingizi wa Iringa kwa kawaida ni mtamu, kwa ile baridi na blanketi zito. Mimi nililala kama mtu anayesubiri matokeo.

Ruaha Mbuyuni

Kuna mtu kati yenu aliyewahi kupita Ruaha Mbuyuni asinunue vitunguu? Basi halijasimama sawasawa, nyavu za vitunguu zimeshafika madirishani, na mkono unajinyoosha wenyewe. Mtu anayekwenda kuzika hununua. Nami, ninayekwenda kupanda ndege, nilinunua wavu mzima, nikakumbuka safari yangu tulipokuwa tumeshaondoka.

"Unavipeleka wapi, dada?" jirani yangu akauliza. Alikuwa na nyanya tenga zima kwenye buti, hana haki ya kuuliza.

"Hispania."

Akatafakari. "Huko ni baada ya Chalinze?"

Nikamwambia mbele kidogo.

Kwa kifupi: uwanja wa ndege wa Hispania kijana mwenye glovu alifungua begi langu, akaangalia vitunguu, akaniangalia mimi, akavibeba kwa heshima kama anabeba mtoto mchanga, akaenda navyo. Mchele aliuacha. Mama alifurahi sana niliposimulia. Alisema hata Wazungu wanajua cha Chimala hakiguswi.

Mji wa Mama Pilar

Mji wenyewe ni mdogo, una kanisa kubwa kuliko mahitaji yake, na jina ambalo mama hulitamka tofauti kila siku, kwa hiyo naliacha. Nilikaa kwa mjane anayeitwa Pilar, ambaye sikuweza kumwita Pilar hata kwa bunduki. Nikamwita Mama Pilar. Alipojua maana yake alikwenda kuwapigia simu dada zake wote.

Jikoni kwake ulining'inia mguu mzima wa nguruwe, na kwato zake. Mmeanza kucheka, najua. Nilimweleza kwa vidole na kitabu cha misamiati kwamba mimi Mwislamu sili huyo. Akashtuka, akaomba radhi, akakimbia chumbani, akarudi na foronya ya mto yenye maua, akauvalisha ule mguu hadi kwatoni. Tangu siku hiyo tulikula watatu: yeye, mimi, na mgonjwa aliyejifunika. Akitaka kipande, alikuwa anafunua pembeni na kuniomba nigeuke.

Mchele wa mama niliupika siku ya Ijumaa. Mama Pilar alifungua sufuria, akanusa, akafunika, akafungua tena. Kisha akala sahani mbili bila kusema neno, na mtu wa kule asiposema neno ujue jambo ni zito.

Shuleni nilikabidhiwa kwa mwalimu anayeitwa Marta, darasa la watoto wa umri wa la tano letu. Siku ya kwanza nilikaa nyuma na daftari langu. Marta akaingia. Nikasimama wima, mikono kando, nikasubiri wenzangu. Hakuna aliyesimama. Mtoto mmoja alikuwa chini ya meza. Wote wakageuka kunitazama, na mimi sikujua kama kuketi sasa ni adabu au ni kushindwa, nikabaki nimesimama mpaka Marta akanionyesha kiti kwa mkono.

Kelele za darasa lile, jamani. Mtoto anamkatiza mwalimu, mwalimu anasema haya tueleze, mtoto anaeleza, anakosea, mwingine anambishia. Wiki ya kwanza nilitafuta fimbo kwa macho tu, kwa mazoea. Lakini kitu kimoja kilinishika. Kulikuwa na binti anayeitwa Lucía, mwenye meno mawili yanayogombea nafasi moja. Aliitwa ubaoni kufanya hesabu, akaikosea mbele ya wote. Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe akacheka, akafuta kwa mkono, akaanza upya. Hapa kwetu angechekwa mpaka amalize la saba, na mnajua nasema kweli.

Niliona wivu. Mimi Kihispania nilikuwa nakielewa sasa, kila siku kinaongezeka, lakini mdomoni hakitoki. Naogopa kuchekwa. Kwa Mama Pilar nilisema ndiyo na asante, muda wote, hata alipouliza nataka kipi kati ya viwili.

Somo la kwanza

Marta akaona nimekaa vya kutosha. Akaniambia nifundishe somo moja kuhusu nchi yangu, kwa Kihispania, na baada ya hapo atampigia Mama Sanga. Nilijiandaa kwa wiki nzima. Mama Pilar alinisikiliza jikoni, akiwa na mgonjwa wake.

Nikaingia. Nikatundika ramani. Woga ukaniishia palepale, maana chaki ni chaki.

"Tanzania está en Áfri..."

Kimya.

Nikapandisha sauti. "En Áfriii..."

Watoto wakanitazama. Lucía akanyoosha mkono taratibu, akaninong'oneza, kwa huruma, "Ca."

Nikamshukuru, nikaendelea kusema nchi yetu ni kubwa sana. "El país es muy gran..."

Kimya. Lucía tena: "De."

Nikadhani ni wazito tu, siku ya Jumatatu. Nikaongeza bidii. Kila sentensi niliiachia mwishoni nikinyoosha shingo kuwasubiri, na kila mara darasa lile la kelele lilizidi kutulia, mpaka nikasikia saa ya ukutani. Mtoto mmoja akamwuliza Marta kama naumwa. Mwingine akaniletea maji. Somo lilipoisha, Lucía alikuja akaweka kamusi yake ndogo juu ya begi langu, akanipigapiga mkono, akaenda kucheza.

Marta hakutaka kuniumiza. "Rukia, unajua mengi. Lakini maneno yanakukatikia mwishoni. Kila neno. Siwezi kumwambia mkuu wako kwamba uko tayari."

Nilikwenda chooni nikalia. Nawaambia hivyohivyo, nililia. Nilimwona mama amesimama sokoni na watu wanamwuliza Kihispania kiko wapi.

Na ndiye aliyepiga simu, kama kawaida yake, akiwa kibandani na spika amefungua ili wote wasikie.

"Mwanangu, umesha..."

"Kula," nikajibu.

"Na hao Wahispania unawafundi..."

"Sha."

Nikaiondoa simu sikioni nikaitazama. Muuza dawa wa Chimala akanijia na koti lake la suti. Choo hatupa... Tumbo linaja... Mama ananiachia neno, mimi namalizia bila kufikiri, mama wa ndizi anamalizia akiwa usingizini, na darasa zima la Mbalizi humalizia kila siku ya Mungu. Wale watoto hawakuwa wazito. Hakuna aliyewahi kuwaachia neno maishani mwao. Walidhani limenipotea.

"Rukia? Upo?"

"Nipo, mama. Nimepata."

"Amepata," akawaambia watu wa sokoni, nao wakashangilia, hawajui ni nini.

Marta anaelewa

Kesho yake nilimkamata Marta wakati wa chai.

"Buenos dí..." nikamsalimu.

Akanitazama kwa wasiwasi. "As."

"Hapo. Umemalizia."

"Kwa sababu umeshindwa."

"Sijashindwa. Nalijua."

"Sasa kama unalijua, kwa nini unauliza?"

"Siulizi, Marta. Nawaachia."

Ilimchukua mkate mzima wa mayai kuelewa. Nilimwelezea darasa la watoto mia na kitabu kimoja, ambako huwezi kumfikia kila mtoto, lakini unaweza kuwagawia neno wote kwa pamoja, na anayelala nyuma anaamshwa na sauti ya wenzake. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Na aliyekaa kimya katikati yao, unamjuaje?"

Hilo lilinichoma, maana simjui. Hakuna kati yetu anayemjua.

Siku ileile aliwaeleza watoto. Ilikuwa kosa. Kwa muda wote uliofuata hawakumaliza neno hata moja. Lucía mezani: nipe mka... Dereva wa basi la shule alimlalamikia mwalimu mkuu. Wazazi wakaja. Mama mmoja aliniambia mwanawe amesali kanisani nusu sala na kumsubiri padri.

Marta akanipa nafasi nyingine, na somo la pili lilihusu kilimo cha mpunga. Marta alikaa nyuma, simu mkononi. Niliwafundisha Mbarali yote, maji yanavyoingia jarubani, watu wanavyopandikiza. Watoto wakawa wanaitikia mpaka darasa la jirani likagonga ukuta. Nikafika kwenye mavuno. Neno lenyewe nilikuwa nimeshalisema mara kibao tangu mwanzo wa somo. Nikanyoosha kidole kwenye picha ya akina mama wenye mundu, nikasema, "Y esto es la co..."

Na likatoka. Likaondoka kabisa kichwani, jamani, mkia wote. Nilisimama mdomo wazi, jasho linanishuka mgongoni, nikiona kila kitu kinakwenda na maji.

"Sechaaa!" darasa zima.

"Muy bien," nikasema, kwa ukali kidogo, kama mwalimu anavyopaswa.

Marta alinitazama muda mrefu. Nadhani alijua. Lucía alijua hakika, maana alikuwa ameshashika kamusi. Lakini simu Iringa ilipigwa, na Mama Pilar siku ya kuondoka aliutungua ule mguu kabisa, akaufungia kabatini, akapika mchele wa mama uliobaki, tukala wawili.

Iringa tena

Nilirudi kwa njia ileile, na vitunguu nilinunua.

Mama Sanga alinipokea kwa uji, akanipa siku ya kupumzika, kisha akaniingiza darasani. Akakaa nyuma, miwani mkononi.

Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima, waongoza watalii wanaojinoa. Mmoja aliitwa Luka, Mhehe mrefu ambaye alishawahi kusimama mita chache kutoka kwa simba akawaambia wageni wasikimbie. Nikaamua kuanza kwa njia ya Marta, mmoja mmoja.

"¿Cómo se llama usted?" nikamwuliza Luka, yaani jina lake nani.

Luka akatazama dirishani. Akafungua mdomo, akafunga. Mtu nyuma akaguna kicheko, wengine wakadakia, na Luka akainamia meza. Nilimfahamu Luka. Huyo alikuwa mimi, mezani kwa Mama Pilar, nikisema ndiyo na asante. Darasa likapoa. Mama Sanga akavaa miwani.

Nikaiacha njia ya Marta. Nikachukua ya muuza dawa.

"Buenos dí..." nikasema, nikiinua mkono.

Mmoja akaitikia chinichini.

"Sijasikia. Buenos dííí..."

"Aaas."

"El elefan..."

"Teee."

Wakachangamka. Sauti ikajaa, mpaka wapishi wakachungulia. Nikawagawa nusu darasa, nusu waitikie, nusu wasikilize. Kisha safu moja. Kisha watu watatu. Kila mara nikipunguza watu na kuongeza neno, taratibu, wasigundue ninawaondolea wenzao. Mwisho nikamnyooshea Luka peke yake, sikumwachia nusu, nikamwonyesha picha ya tembo tu.

Akavuta pumzi. "Yo veo... un elefante... grandes."

Amekosea, tembo ni mmoja naye kasema wakubwa. Nyuma mtu akaanza kuguna.

"Anayecheka ndiye anayefuata," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Luka akajisikiliza, akakuna kichwa. "Grande," akasema. "Un elefante grande." Na akacheka mwenyewe, kama Lucía na hesabu yake.

Kipindi kikaisha. Mama Sanga alikuja mbele polepole, wanafunzi wakifungasha madaftari na kutega masikio. Nilimwona mama kibandani kwake. Nilitaka lile darasa kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Akavua miwani. Akanitazama kutoka chini, kwa ule ufupi wake.

"Mwalimu Rukia, karibu Iri..."

Akasubiri, shingo ameinyoosha.

"Nga," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, imelowa.

"Sijasikia."

Nikarudia, na safari hii darasa zima liliitikia pamoja nami.